Shimo la Mungu, Newala: kushuka na kupanda siku moja, tupo sita. Maji lita ngapi, na tuanzie juu au chini?

#1 Kijana_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Tupo marafiki sita. Ijumaa tunatoka Mtwara mjini na kulala Newala. Jumamosi tunataka kushuka Shimo la Mungu, ule ukingo wa uwanda wa Makonde, kwa miguu mpaka bonde la Ruvuma, tule, tupande, na jioni tuwe juu. Ni wiki ya mwisho ya Juni. Wawili kati yetu hawajazoea kutembea zaidi ya saa mbili, na mmoja ana goti linalomsumbua akishuka ngazi. Hoja yangu ni kwamba lita moja na nusu kwa kila mtu inatosha, kwa sababu Newala ni baridi na chini kuna chemchemi. Nani anabisha?

#2 Mkorosho_Mkongwe
Nabisha mimi. Baridi ya Newala iko juu, nanyi mnakwenda chini. Kila mita 100 unazoshuka, joto hupanda zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Ukishuka mita 400 umeongeza nyuzi mbili na nusu, na bondeni upepo wa ukingoni haufiki. Mlima wa kawaida unaupanda asubuhi na nguvu zako, unashuka umechoka, na ukizidiwa unageuka tu, mteremko unakurudisha nyumbani. Hapa mambo yamegeuka. Asubuhi unashuka bila jasho, unajiona hodari, maji umeyanywa kidogo. Halafu unageuza uso saa sita, mlima wote uko mbele yako na jua liko utosini. Watu wanaoshindwa pale hawashindwi chini. Wanashindwa theluthi ya mwisho ya kupanda, chupa zikiwa tupu.

Lita nne kwa mtu. Ile ya nne isiguswe mpaka mmeanza kupanda.

#3 Fundi_Ramani
Nakazia #2, ila tuweke hesabu ili mtu ajue lita nne zinatoka wapi.

Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, ya Mskoti William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yenu ni kilomita 6 kwenda na 6 kurudi, na kimo ni mita 400. Kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24. Mita 400 ni dakika 40. Jumla ni saa 3 na dakika 4. Lakini hiyo ni Uskoti, kwenye ubaridi, kwa mtu mwenye mazoezi. Kwa joto letu, kwa watu sita ambao wawili ni wageni wa kazi hii, ongeza nusu yake: saa 4 na dakika 36. Hapo ni miguu tu. Weka dakika 45 za kupumzika njiani na saa moja ya kula, unapata saa 6 na dakika 20 hivi.

Sasa maji. Kushuka ni kama saa 1 na dakika 45, nusu lita kwa saa, kwa hiyo lita moja kasoro. Mkiwa mmekaa chini, nusu lita. Kupanda ni saa tatu kasoro, robo tatu ya lita hadi lita nzima kwa saa, kwa hiyo lita mbili na zaidi. Jumlisha. Lita moja na nusu inakwisha kabla hamjafika robo ya kupanda.

Msisahau kwamba lita nne ni kilo nne. Begi la shule la kamba nyembamba litakata mabega. Chupa ziwekwe zimesimama, karibu na mgongo, juu kidogo ya kiuno.

#4 Mwl_Jiografia
Hesabu nzuri. Nasahihisha #2 kwenye neno moja tu: "jua liko utosini". Mwisho wa Juni halipo utosini. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, na jua wakati huo liko juu ya Tropiki ya Kansa, nyuzi 23 na nusu kaskazini. Kwa hiyo adhuhuri linapita kama nyuzi 34 kaskazini ya utosi. Ukingo wa Newala unaotazama Ruvuma umeelekea kusini, yaani unalipa jua mgongo. Mwanga unaupiga kimshazari, na penye magenge yaliyosimama mnapata kivuli. Desemba ndiyo mbaya, jua limehamia kusini na linaukabili ukingo uso kwa uso.

Kona zinazogeukia magharibi hazina Juni wala Desemba, kuanzia saa nane mchana zinachomwa. Njia yenu ikipinda upande huo, mtakuwa mmeimaliza kabla ya hapo.

Na kilele cha joto si saa sita. Jua linafika juu kabisa karibu saa sita na nusu, lakini ardhi inaendelea kupata moto, hivyo hewa inakuwa kali kuliko wakati wote saa nane hadi saa tisa.

#5 Jabali_la_Masasi
Mnajadili lita wakati tatizo ni mwelekeo. Kodini bodaboda au gari alfajiri, mshuke kwa barabara mpaka chini, saa moja asubuhi muanze KUPANDA. Saa nne na nusu mko ukingoni mnatazama Msumbiji mkiwa na chai mkononi. Maji lita mbili na nusu. Goti la rafiki yako halitashuka hata hatua moja, maana kupanda si adui wa goti kama kushuka. Kazi imekwisha.

#6 Bi_Kitangari
Kaka Jabali, wazo lako lina mantiki kwa miguu, lakini bodaboda kwenye mteremko wa mchanga alfajiri, watu wawili nyuma na mabegi, hapana. Gurudumu la mbele likizama kwenye mchanga, pikipiki inalala. Na Juni asubuhi ukungu unaweza kufunga kabisa, usione mita ishirini. Kama ni gari, sawa, lakini dereva awe anaijua njia, na mkubaliane juu ya saa jioni ile ya Ijumaa, si asubuhi kwa simu.

Jingine ni hizo chemchemi ambazo mleta mada anazihesabu kama duka. Chemchemi ya chini ya uwanda ni kisima cha watu. Kuna utaratibu wake: ndoo zina foleni, hakuna kuosha miguu wala uso juu ya mkondo, hakuna kuingiza chupa yenye mdomo ulionyonywa. Mnaomba, mnachotewa. Na mkichota, mtibu. Soma pakiti ya vidonge vya klorini, kwa sababu vingine ni vya ndoo ya lita 20. Ukitumbukiza kimoja kwenye chupa ya lita moja utakunywa dawa, si maji. Subirini dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwani tope linaimaliza klorini kabla haijafanya kazi.

#7 Kijana_Shangani
Asanteni, nimeelewa. Lita nne. Nauliza sasa, mbona juu hakuna chemchemi na chini zipo? Na kwa nini paitwe shimo wakati picha zote zinaonyesha bonde?

#8 Mwl_Jiografia
Uwanda wa Makonde umefunikwa na mchanga mwekundu mnene juu ya mawe laini ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji hayakai, yanazama moja kwa moja. Yanashuka mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji, halafu yanatambaa juu ya tabaka hilo na kutokeza pembeni, kwenye miguu ya ukingo. Ndiyo maana juu kuna vichaka na mikorosho iliyostawi lakini mito hakuna, na chini kuna majimaji. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta wanawake wakishuka ukingo kuchota na kupanda na vyombo kichwani. Njia nyingi za kushukia hapo asili yake ni maji, hazikutengenezwa kwa watalii.

#9 Ming'oko
Mwalimu, wazee wengi wanaeleza tofauti. Vichaka vilikuwa vinene, vikafyekwa kwa mashamba, ndipo maji yakakimbia.

#10 Mwl_Jiografia
Kufyeka kunapunguza maji, sikatai. Ila shida ya maji juu ya uwanda ilikuwepo kabla ya mikorosho kutapakaa. Mchanga ndio wa kwanza.

#11 Bi_Kitangari
Na ndiyo sababu maji ya bomba ya uwandani yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, huku bonde la Kitangari, kwenda juu kwenye matangi. Mashine ikisimama au umeme ukikatika, Newala nzima inajua. Mleta mada, jazeni chupa zenu Ijumaa mchana mkifika. Msingoje alfajiri.

#12 Ming'oko
Sasa swali linalofuata: kama maji yako chini, watu walipanda juu kutafuta nini?

#13 Pwani_ya_Lindi
Vita. Wangoni walikuwa wanashuka mpaka huku, mwaka 1882 waliivamia misheni ya Masasi. Kwenye kichaka cha Makonde adui hawezi kuingia kwa safu, njia ni za mtu mmoja mmoja. Na biashara ya watumwa nayo. Maji mbali, lakini mtoto yupo.

#14 Mwl_Jiografia
Ipo na nyingine. Simulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Weule naye aliiandika, inasema mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke kwa mti, ikawa mtu, wakakaa karibu na mto, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, ikawa vilevile. Walipopanda juu kabisa mtoto akaishi. Ndipo akawausia wanawe wakae juu, mbali na maji makubwa yaletayo maradhi. Ukiwaza malaria ya bondeni, usia huo una akili nyingi.

#15 Pwani_ya_Lindi
Usia wa mbu au hofu ya Wangoni, mie nashikilia vita. Simulizi huweza kuja baadaye kueleza kilichokwisha kutokea.

#16 Mkorosho_Mkongwe
Na jina je? Mimi nalisoma hivi: shimo ni kitu kinachochimbwa, na hili hakuna aliyelichimba, basi mchimbaji ni Mungu. Si lazima liwe la duara.

#17 Bi_Kitangari
Simama ukingoni asubuhi ya Juni ukungu umejaa bondeni. Unaona weupe umekatwa sawa kama maziwa kwenye bakuli. Hapo neno shimo linakuingia bila kuelezwa.

#18 Fundi_Ramani
Ukungu huo nao una kesi yake. Wengine wanasema ni hewa baridi ya usiku inayotiririka kutoka juu na kulala bondeni kama maji. Wengine wanasema ni unyevu wa bahari unaopanda na uwanda. Kwa mtembezi tofauti ni hii: ukungu wa kulala bonde unaanza kuyeyuka jua likishapanda, saa mbili hadi saa tatu. Wa bahari unaweza kukaa juu ya vichwa vyenu mpaka saa nne na kulowesha njia. Mkiamka, tazameni uko wapi. Ukiwa chini yenu na juu kweupe, subirini uyeyuke muone njia. Mkiwa ndani yake mjini, jueni mawe yanateleza.

#19 Nesi_wa_Zamu
Naona maji yamejadiliwa, chumvi imesahaulika. Lita nne za maji matupu kwa mtu anayetoka jasho saa sita zinaweza kuzimua chumvi ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, na mtu anakojoa maji meupe kila mara. Watu wakiona hivyo wanamwongezea maji, wakamzidishia. Kila mtu abebe pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari za kuyeyusha), ayeyushe yote kwenye lita moja kamili, anywe wakati wa kupanda. Usigawe nusu pakiti kwa kukisia. Kama hamna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu, si vya mlima.

Kunywa mafunda manne matano kila dakika 15. Usingoje kiu halafu umalize chupa kwa mkupuo, tumbo litakaa na maji huku misuli inakauka.

#20 Dereva_wa_Noah
Dada Nesi, na yule anayeacha kutoka jasho ndiye wa hatari, si ndiyo?

#21 Nesi_wa_Zamu
Hapo ndipo watu wanapopotea, kaka. Mtu anayetembea akapigwa na joto anaweza kuwa bado anachuruzika jasho. Angalia akili yake: anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, anayumba, hajui ni siku gani. Hiyo ni dharura hata kama amelowa. Mvueni nguo ya juu, kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na mmpepee bila kuacha, shingoni, kwapani, kinenani. Msimnyweshe kwa nguvu aliyechanganyikiwa, atapaliwa. Tumieni maji yenu yote kwa kazi hiyo kama lazima, huku mmoja anapiga simu kutafuta gari.

Aliye na kizunguzungu tu lakini anaongea vizuri: kivuli, miguu juu ya begi, ORS, nusu saa. Asipopata nafuu, safari yenu imeishia hapo.

#22 Jabali_la_Masasi
Yote haya hayangekuwepo mkianzia chini asubuhi :)

#23 Mkorosho_Mkongwe
Jabali, wewe watu wa Masasi mmezoea mawe yenu yanayosimama peke yake uwandani, unapanda upande mmoja na gari linakuona. Ukingo si jabali. Njia za mashamba zinagawanyika mara kumi, na ukiwa chini hujui ipi inatoka juu na ipi inaishia kwenye genge. Ukiwa juu unaliona bonde lote, unachagua. Mgeni aanzie juu.

#24 Jabali_la_Masasi
Mgeni achukue mwenyeji! Lita moja na nusu za maji zinazopungua kwenye mabega ya kila mmoja wa watu sita ni sababu tosha ya kumlipa kijana wa kijijini.

#25 Fundi_Ramani
Wote wawili mna haki, kwa hiyo simu ifanye kazi. Ijumaa mkiwa bado na mtandao, pakueni ramani ya nje ya mtandao ya eneo lote mpaka Ruvuma. Washeni kurekodi njia tangu hatua ya kwanza. Kushuka mnaweka alama kila panapogawanyika, mnageuka nyuma na kupiga picha ya njia kama itakavyoonekana mkirudi, kwa sababu njia ikitazamwa kutoka chini ni njia nyingine kabisa. Simu ya pili izimwe kabisa, iwekwe kwenye mfuko wa plastiki, ndiyo akiba. Pale ukingoni na chini bondeni simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo ya Ruvuma. Zima rominga, na uangalie saa kwa jua, maana simu ikijiweka kwenye saa za Msumbiji inarudi nyuma saa moja nzima. Kundi limepanga kugeuka saa tano, mmoja anasema "bado, ni saa nne".

#26 Dereva_wa_Noah
Hiyo ya saa ni kweli tupu. Nakazia.

#27 Ming'oko
Nguo. Suruali ndefu nyepesi, si kaptula, na sababu kubwa ni upupu. Kuanzia Mei maganda yake yanakauka, ya kahawia, yana manyoya kama mahameli, yananing'inia juu ya njia. Upepo tu unatosha. Ukiguswa usikune na usipake maji kwanza, maji na mkono vinasambaza nywele. Chukua tonge la ugali au unga uliokandwa, bandika, bandua, bandika, bandua, nywele zinatoka nalo. Nguo ivuliwe kwa kukunja ndani-nje.

Na angalieni chini pembeni ya njia: wachimba ming'oko (viazi vya porini) wanaacha mashimo, mengine yamefunikwa na majani. Kifundo cha mguu kinaingia mzima. Msikate kona kupita vichakani.

#28 Mkorosho_Mkongwe
Kwa upupu, majivu ya moto uliopoa. Unapaka makavu, unapangusa kuelekea upande mmoja. Tonge linaacha zilizozama.

#29 Nesi_wa_Zamu
Utepe wa bandeji unaonata hufanya kazi hiyo hiyo ya tonge, na upo tayari kwenye begi la dawa. Majivu mnayapata wapi katikati ya ukingo?

#30 Ming'oko
Tonge linaliwa pia, utepe hauliwi. Nimemaliza.

#31 Mkorosho_Mkongwe
Jambo ambalo hakuna aliyeligusa na ni la Juni hasa: SALFA. Mikorosho inachanua, wakulima wanapuliza unga wa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Wanapuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala, ili unga ushike. Ni saa ile ile mnayopita mkienda ukingoni. Ukisikia mashine inanguruma na kuona wingu la manjano, simama. Mwenye mashine hakuoni wala hakusikii. Pita upande upepo unakotokea, kitambaa puani. Ikiingia kwenye jicho lenye jasho inawaka, na kusugua kunazidisha. Mimina maji safi, jicho wazi, dakika kumi. Mwenye pumu kati yenu asipite kabisa, azunguke, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si ndani ya begi.

Shamba la mtu ni la mtu. Juni hakuna korosho chini, lakini wanaosoma uzi huu wakipanga kwenda Oktoba au Novemba wajue: korosho iliyoanguka chini ya mti ni mali, kuiokota ni wizi hata kama ni tano. Bibo, tunda la mkorosho, nalo omba. Na msing'ate korosho mbichi na ganda lake, mafuta yake yanababua midomo.

#32 Pwani_ya_Lindi
Wa Septemba na Oktoba waongeze moto. Watu wanachoma mashamba. Moto unapanda mteremko haraka kuliko unavyokwenda tambarare, kasi inakaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi za mwinamo, maana miale inakausha majani ya mbele kabla haijayafikia. Ukiona moshi chini yako usikimbilie juu. Nenda pembeni, utafute eneo lililokwisha kuungua au shamba tupu.

#33 Goti_la_Kushoto
Mimi ndiye mwenye goti, mleta mada kanielekeza huku. Nifanyeje? Sitaki kuwakwamisha.

#34 Nesi_wa_Zamu
Pole, ndugu. Kushuka, paja linafanya kazi huku linarefuka, na kila hatua goti linapokea uzito mara kadhaa wa mwili. Fupisha hatua, hata nusu ya kawaida. Goti lisinyooke kabisa mguu unapotua, na nyayo nzima itue, si kisigino. Penye mwinamo mkali kata mshazari kushoto na kulia ndani ya upana wa njia. Fimbo mbili ni bora kuliko moja. Urefu: ukisimama tambarare kiwiko kiwe pembe mraba, kwa kushuka ongeza vidole vinne. Fimbo itangulie chini kabla ya mguu.

Begi lako wagawane wenzako wakati wa kushuka, urudishiwe wakati wa kupanda. Kama goti limevimba au linakwama sasa hivi, usishuke, baki juu ndiye uwe mtu wa mawasiliano.

#35 Fundi_Ramani
Na viatu. Kata kucha siku mbili kabla, si usiku wa safari. Kabla ya kushuka kaza kamba za juu, kwenye kifundo, vidole visigonge mbele. Kabla ya kupanda legeza juu, kaza chini. Raba ya soli iliyolika juu ya kokoto zilizolala kwenye udongo mgumu ni kama kutembea juu ya korosho. Ukisikia joto sehemu moja ya mguu, simama hapo hapo uweke plasta. Lengelenge likishajaa maji umechelewa.

#36 Jabali_la_Masasi
Ndugu Goti, njia yangu haina kushuka hata kidogo. Nasema tu.

#37 Dereva_wa_Noah
Kuna njia ya tatu na sijui kwa nini hakuna aliyeitaja. Mshuke kwa miguu asubuhi, gari liwafuate chini kwa barabara, mrudi kwa gari. Kushuka tu, hakuna kupanda.

#38 Mkorosho_Mkongwe
Ukingo bila kuupanda hujaujua. Na goti ndilo litakaloumia zaidi katika hizo njia tatu.

#39 Bi_Kitangari
Kabla ya yote, ripotini. Bonde lile ni la mpakani. Tangu wapiganaji kutoka Msumbiji walipovamia kijiji cha Kitaya, Oktoba 2020, ulinzi wa ukanda wa Ruvuma si wa mchezo, na watu sita wenye mabegi wasiojulikana watasimamishwa, kwa haki kabisa. Ijumaa mkifika nendeni ofisi ya serikali ya kijiji, mwoneni mtendaji, semeni majina, njia, saa ya kurudi. Vitambulisho vya NIDA mkononi. Hakuna kurusha droni. Msivuke vijiji vya chini kwenda ukingoni mwa mto wenyewe. Mbali na ulinzi, Ruvuma ina mamba na viboko, na si sehemu ya kunawa miguu. Mkimaliza, rudini mkatoe taarifa kwamba mmefika. Watu wengi husahau hiyo, usiku mtendaji hajui kama alale au atafute watu.

#40 Dereva_wa_Noah
Si ndiyo njia aliyopita Livingstone hii, Newala?

#41 Pwani_ya_Lindi
Hapana. Mwaka 1866 alianzia Mikindani, akaingia Ruvuma na kufuata bonde kwenda magharibi.

Na kama marafiki hawa wanapenda kutembea na historia, mbona hawaji Lindi, Tendaguru? Ile sehemu Wajerumani walipochukua mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, mwaka 1906.

#42 Mwl_Jiografia
1906 mhandisi Bernhard Sattler aliiona mifupa. Kuchimba kulikuwa 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na wenzake wa makumbusho ya Berlin, na wachimbaji mamia walikuwa watu wa huku, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Kama tani 230 zilifika Lindi zikiwa kichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku nne hivi. Ukishapanda ukingo wa Newala na kilo nne za maji, rudi uifikirie hesabu hiyo.

Lakini Tendaguru si ya siku moja kwa miguu kutoka Lindi mjini, ni zaidi ya kilomita 60. Na mfupa wowote mtakaouona juu ya ardhi ni wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hauokotwi.

#43 Ming'oko
Msitu wa Rondo je? Kuna komba mdogo wa gramu 60 tu.

#44 Pwani_ya_Lindi
Komba anatembea usiku, wao wanatembea mchana, watapishana. Na Rondo ni hifadhi ya msitu, kibali ni cha TFS, wakala wa misitu, kiombwe mapema.

#45 Kijana_Shangani
Wakuu, shukrani. Tumekaa wote sita. Lita nne kila mtu, ORS sita na mbili za akiba, korosho za kukaanga zenye chumvi robo kilo kwa watu wawili, mihogo ya kuchemsha, ndizi. Tunaondoka kwenye nyumba ya wageni saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumeanza kupambazuka. Tunageuka saa tano, tumefika tusifike. Goti anabaki uamuzi wake. Kuhusu kuanzia juu au chini tumepiga kura, tatu kwa tatu.

#46 Jabali_la_Masasi
Goti alipiga upande gani?

#47 Goti_la_Kushoto
Chini.

#48 Mkorosho_Mkongwe
Basi muulizeni mtendaji Ijumaa gari linafika chini mpaka wapi baada ya mvua za mwaka huu. Barabara ikiwa imekatika, kura haina kazi. Na tatu kwa tatu au la, lita nne zibaki nne.

#49 Jabali_la_Masasi
Wakianzia chini ni mbili na nusu, mzee.

#50 Nesi_wa_Zamu
Nne.